Ukanda wa Saruji Kichochoroni

Kagendo, mwari wakwa, binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga majirani, na kwa jinsi ninavyoijua Majengo yetu hii, hutarudi kabla ya magharibi. Kila nyumba watakukalisha. Kila nyumba watakumiminia chai, na ukikataa watakuuliza kama tayari umekuwa mtu wa Embu. Kwa hiyo nina mchana mzima na nina kalamu. Nimekaa kwenye kiti cha mama yako karibu na dirisha la kichochoroni, pale ambapo bati lina tundu la msumari na mwanga hushuka sakafuni mviringo kama shilingi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijaribu kuiokota shilingi hiyo, ukikasirika ikipanda juu ya kidole chako. Leo ni manyunyu tu, jua linakuja na kwenda, na shilingi yako nayo inakuja na kwenda.

Sitakuandikia habari za kuzima gesi wala kuchemsha maji. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua ukiungua. Nataka kukuandikia juu ya jambo moja ambalo nimelifunika miaka yote uliyoishi duniani, na ambalo nilikuwa nimeshapanga kwenda nalo kaburini bila wasiwasi. Jumapili iliyopita ndiyo iliyoniharibia mpango huo.

Unakumbuka Jumapili. Tulikuwa tumekula, ukasogeza sahani, ukatandaza ramani yako mezani. Nyumba yako ya Embu, kule Majengo yao, nyumba ya udongo na fito yenye vyumba vinne na ukumbi katikati, umri wake unanizidi mimi. Nilifurahi, mwanangu, usidhani sikufurahi. Watu wa rika lako wanataka fleti zenye vigae vyeupe, wewe umekwenda kupenda kuta zinazonuka moshi wa watu waliokufa zamani. Nikajua huyu ni wangu. Kisha ukaweka kidole pembeni mwa ramani, kwenye kinjia kinachopita kati ya nyumba yako na ya jirani, ukasema, "Hapa, Baba, nitafunga. Ukuta, halafu geti. Siku niliyoenda nimeona wamama wanapita hapo na mitungi ni kama ni stendi."

Nikakuuliza, "Na hao wamama watapita wapi?"

Ukacheka. "Watajipanga."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Badala yake unajua nilichosema? Nilisema, "Geti liwe la chuma, na bawaba uweke tatu, si mbili." Ndivyo nilivyokujibu. Baba yako, kwa umri huu, na kwa yote aliyoyafanya, akakushauri juu ya bawaba. Tangu siku hiyo silali vizuri, na Jumatatu unakwenda kutia sahihi.

Sasa sikiliza. Unaujua ule ukanda wa saruji unaokatiza kichochoro chetu, kati ya ukuta wetu na ukuta wa kina Bi Zuhura? Upana wake kama wa kiganja na nusu. Ulikuwa huukanyagi. Ulikuwa na mchezo wako kwamba ule ni mto na una mamba, na kila asubuhi ukienda shule kule Kaaga ulikuwa unauruka na begi likikupiga mgongoni. Siku moja ulinishika suruali ukaniuliza kile ni nini. Nikakuambia palipita bomba la maji la zamani. Bomba halijawahi kupita pale. Ule ni msingi wa ukuta, na ukuta niliujenga mimi.

Itabidi nianze mbali kidogo, nivumilie.

Babu yako alikuwa na shamba kule juu, karibu na msitu, na jirani yake alikuwa na mkono mwepesi. Kila msimu wa mvua, jirani yule aling'oa mimea ya mpaka na kuipanda tena hatua moja ndani ya shamba letu. Hatua moja tu. Mwaka mmoja huoni kitu. Miaka kumi ikipita, babu yako akajikuta anachuma kahawa ya mistari sita mahali alipopanda minane. Alizeeka akisema jambo hilohilo. Hata siku za mwisho, macho yameshaanza kutazama mahali pengine, alinishika kidole akaniambia, "Ukipata pako, weka ua kwanza. Nyumba baadaye." Kwetu huku milimani, mwanamume hajengi kabla hajazungushia ua. Nilinyonya jambo hilo pamoja na maziwa.

Halafu nikapata kazi, na kazi yenyewe ni ya kubeba futikamba na mawe ya mpaka nyuma ya wapima ardhi. Unazijua hadithi zangu za Kiritiri na Ishiara, za mbuzi waliokula karatasi za ramani. Sikuwahi kukuambia kwamba kazi ile ilinifanya nione dunia yote kwa mistari. Nilikuwa nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijakaa, macho yameshapima. Niliona ndugu wa tumbo moja wakishikiana panga kwa ajili ya kipande ambacho mbuzi hawezi kulala akanyoosha miguu. Nikawa nasema moyoni, hawa wangeweka ukuta mapema, wasingefika hapa.

Ndiyo akili niliyokuja nayo Majengo.

Nyumba hii niliinunua kwa mzee mmoja, Mzee Feruzi, aliyekuwa anahamia Isiolo kwa binti yake. Mama yako ndiye aliyeipenda kwanza. Alisimama ukumbini, akaweka kiganja ukutani, akafumba macho muda mrefu hata nikaona haya mbele ya muuzaji. Alisema ukuta ule una joto la mtu. Mimi nilikuwa nje na futikamba. Mzee Feruzi alinitazama nikipima, akingoja, na nilipomaliza akaniambia, "Nyumba nakuuzia. Njia ni ya watu." Nikamwambia sawa, mzee. Nilidhani ni maneno ya mtu anayeagana na nyumba yake. Kwenye karatasi hayakuandikwa. Tena kwa futikamba kichochoro chote kiliangukia upande wangu, kutoka ukuta wa jirani hadi kwangu. Nilipima mara tatu nikihakikisha.

Usiku wa kwanza hatukulala. Nyumba hizi hazina dari, unajua, na sauti hupita juu ya kuta kama moshi. Mtu alikohoa, nikaruka kitandani nikidhani yuko chumbani mwetu. Mama yako alicheka mpaka akafunika uso na shuka. Alikuwa ni jirani, Mzee Shabani mwenye bucha, anakohoa kwake kitandani. Baadaye tukasikia mkewe, Bi Zuhura, anamwambia anywe maji, naye anasema hataki, naye anaambiwa tena anywe. Mama yako akanong'ona gizani, "Kunywa tu, mzee." Aliipenda nyumba hii kuanzia hapo. Mimi nilikuwa nahesabu ni matofali mangapi.

Na kichochoro hakikuwa na kituo. Kulipopambazuka walipita watoto wa madrasa. Kisha wanawake wa bombani. Kisha mtu na ndizi, mtu na kuku, mtu na godoro kichwani. Wote husalimia dirishani kama vile dirisha ni la kwao. "Hamjambo wa humu?" Wengine walitukuta hata hatujavaa. Mwezi wa pili niliita fundi.

Karimi, mama yako, aliuliza swali moja tu. Aliniuliza, "Kwani tumekuja kuchunga ng'ombe?" Nikamjibu kwa ukali nisioupenda kuukumbuka. Nilimwambia kwamba yeye hajui ardhi inavyopotea. Akaenda kupika.

Ukuta ulisimama kwa siku nne. Uliniteka, mwanangu, nakuambia ukweli. Nilikuwa natoka jioni kuugusa. Juu yake niliweka vigae vya chupa, kijani na kahawia, nikivipanga mwenyewe katika saruji mbichi, na jua likipiga vilikuwa vinang'aa vizuri mno. Katikati nikaweka geti la chuma, na kufuli, na funguo mbili. Zote mbili nilizitia kwenye pete moja, maana sikumwamini mtu.

Siku saruji ilipokauka, Mzee Shabani alikuja upande wake akasimama, mikono nyuma, koti lake la bucha bado lina damu. Aliutazama ukuta kuanzia chini hadi juu.

"Umeujenga imara?" akauliza.

"Imara, mzee."

"Haya. Na ufunguo utakaa kwa nani?"

"Kwangu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. "Basi, mwanangu, usiwe unasafiri sana."

Nilimcheka alipoondoka. Nilidhani ananitisha habari za wezi.

Sasa nikueleze jambo ambalo linanitafuna kuliko mengine. Kabla ya ukuta, kila Ijumaa Mzee Shabani alikuwa akimletea mama yako kipande cha maini kwa sababu alikuwa mja mzito, mimba yako wewe. Baada ya ukuta, maini hayakukoma. Yalizunguka. Yule mzee, kwa miguu yake mibovu, alitoka kwa mlango wake wa mbele, akazunguka nyumba saba kwenye matope, akafika mlangoni kwetu na kifurushi chake cha gazeti, akasema, "Ya mtoto." Ulijengwa kwa maini yale, Kagendo. Nami niliyala yaliyobaki bila aibu yoyote.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kichochoro kilikuwa kimya, na nilisema moyoni kwamba utulivu ndio huu. Nyasi zikaanza kuota pale ambapo miguu haikuziruhusu kuota tangu zamani.

Kisha nikatumwa Kiritiri kwa wiki mbili. Wakati ule simu za mkononi hazikuwa za watu kama sisi. Nilikuwa nimesimama juani, nashikilia ncha ya futikamba, ndugu wawili wakitukanana kulia na kushoto kwangu, na funguo mbili ziko mfukoni zinagongana kila nikipiga hatua. Nakumbuka mlio wake. Siku hiyo hiyo, alfajiri, Mzee Shabani alikuwa amefariki.

Niliyoyakosa nimeyakusanya kidogo kidogo, kwa miaka, neno hapa neno pale, kwa sababu hakuna aliyenikalisha kunisimulia. Walimwoshea uani kwao, kama desturi. Wakamkafini, wakamweka kwenye jeneza. Sasa wewe unaijua ile njia ya mbele ya kwao, inavyokunja kona mbili. Mtu na mtungi anapita. Jeneza halikunji kona. Tangu Majengo ianze kuwa Majengo, maiti wote wa safu ile wametoka kupitia kichochoro, moja kwa moja hadi barabara ya msikitini. Ndiyo kazi ya kichochoro. Maji na kuku na godoro ni mambo ya kupitisha siku tu. Mzee Feruzi alijua. Mzee Shabani alijua, tena alijua kwamba zamu iliyokuwa karibu ni yake, ndipo akaniuliza habari za ufunguo.

Wakafika kwenye geti, wakakuta kufuli.

Mama yako alikuwa ndani, tumbo la miezi saba, anapindua magodoro, anamwaga masanduku, akitafuta ufunguo ambao haukuwemo. Idi, mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akaenda kuleta shoka la bucha alivunje. Bi Zuhura ndiye aliyemzuia. Mjane wa saa tano tu, amejifunika, akatoka akamwambia mwanawe, "Mlango wa mtu hauvunjwi. Mwenyewe hayupo. Mpitisheni baba yako juu."

Wakampitisha juu. Mvua ilikuwa inanyesha kama hii ya leo, nyembamba, haina sauti. Wengine walipanda ngazi, wengine wakazunguka wakaja kupokea upande wa pili, na jeneza likaelea pale juu ya mikono, juu ya vigae vyangu vya kijani na kahawia. Mama yako aliona yote kutoka dirisha hili hapa nilipokaa. Aliniambia lilisimama kidogo hewani, kana kwamba mzee alikuwa anaitazama nyumba yetu kwa mara ya mwisho. Idi ndiye aliyekuwa juu kabisa. Mguu ulimteleza, na ili jeneza lisianguke, akaushika ukuta kwa kiganja kizima.

Lile kovu la Idi, Kagendo. Lile alilokuambia ni kisu cha bucha. Ulikuwa na miaka saba, ulikuwa umekaa mapajani mwake unalifuata kwa kidole, ukamuuliza, nami nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo. Alinitazama, akakutazama, akasema, "Kisu, mama. Nilikuwa mzembe." Kumbuka kwamba hakuwa na sababu yoyote ya kunisitiri. Alikuficha kosa la baba yako ili uendelee kuwa na baba.

Niliporudi kutoka Kiritiri ilikuwa jioni. Nilikuta ukuta una alama za matope za mikono, nyingi, zikipanda. Juu kulikuwa na kipande cha kitambaa cha kijani kimenasa kwenye chupa, na pembeni yake saruji ilikuwa na doa jeusi. Nikamuuliza mama yako kumetokea nini. Alikuwa anachambua maharagwe. Akasema, "Walimpitisha juu." Akaendelea kuchambua.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura nikizunguka nyumba saba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitembea njia hiyo, na niliwaza miguu ya yule mzee. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema. Nilipoingia, nikaona wanawake wamekaa mkekani, naye katikati, nikashindwa. Nilisimama tu mlangoni kama mti. Akanitazama, akasema, "Karibu, Mmeru wangu. Umekula?" Nikalia, mwanangu. Mbele ya wanawake wale wote. Hakuna aliyeniambia nyamaza, na hakuna aliyeniambia umefanya vibaya. Mmoja alinisogezea kigoda.

Kesho yake alfajiri nilichukua mtaimbo. Niliuvunja mwenyewe, sikuita fundi. Ukuta wa siku nne ulinichukua siku sita, kwa sababu ni kweli niliujenga imara. Siku ya tatu nilimwona Idi amesimama upande wake, mkono umefungwa bandeji, ananitazama. Hakunisalimia. Akachukua tofali moja kwa mkono mzima, akalipeleka kando. Akarudi akachukua lingine. Tulifanya hivyo hadi adhuhuri bila kusemezana, na baada ya hapo hakunisemesha kwa miaka miwili. Msingi tulishindwa kuung'oa, ungeangusha kuta zote mbili. Nikausawazisha na ardhi. Huo ndio mto wako wa mamba.

Na geti? Nilitaka kuliuza chuma chakavu. Bi Zuhura akaniita kutoka uani kwake, akaniambia, "Hilo nipe mimi, niliwekee matofali chini, nipate pa kuuzia mahamri." Meza yake ya mahamri, Kagendo. Ile uliyokuwa unaegemea kila asubuhi unakunywa chai kabla ya shule, unaichora kwa kijiti. Ukiinama utaona bado ina pete ya kufuli. Aliiweka mbele kwa makusudi, nadhani, mahali ambapo mimi nitaiona kila ninapopita. Yule mama ana huruma lakini si mjinga.

Nimewahi kuota ukuta ule mara nyingi. Katika ndoto haujengwi na mtu, unaota wenyewe kama nyasi, nami niko chini nikiwa na funguo mifuko yote, na kila ninaoujaribu unageuka maji mkononi. Mara nyingine ni mimi niliye juu. Nimelala chali, mvua inaniangukia usoni, chini yangu kuna mikono mingi, na ninajua kila mkono ni wa nani. Ndoto hiyo ya pili hainitishi. Huamka nimetulia.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili mama yako alipotutoka. Sijui unakumbuka nini. Nilikuona umesimama na sweta yako ya shule, umeshikilia kona ya pazia, na sikuwa na nguvu za kukuuliza. Kaka zangu walikuwa wamekuja na gari la kumpeleka nyumbani kuzikwa, limesimama barabarani, na walikuwa wanauliza sanduku litatokaje kwenye nyumba hii ya ajabu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Kisha nikasikia viatu vinavuliwa nje, na Idi akaingia, na nyuma yake vijana wa safu nzima, wengine na kofia zao. Hakuniuliza. Alimwambia kaka yangu mkubwa, "Mzee, sisi tunajua njia."

Walimbeba Karimi kupitia kichochoro. Idi alishika mbele kushoto, kwa kiganja kile. Nilitembea nyuma yao nikiutazama mkono huo. Walipofika kwenye ukanda wa saruji alisema polepole, "Angalieni mguu hapa," wakauvuka wote kwa hatua moja, na mama yako akapita. Hakusimama. Hapakuwa na kitu cha kumsimamisha. Siwezi kukueleza nilivyohisi, isipokuwa kwamba nilimshukuru Mungu kwa mtaimbo.

Kwa hiyo unaona kwa nini bawaba zinaninyima usingizi.

Sikukatazi kujenga, mwanangu. Nyumba itakuwa yako, na wewe si mimi. Huenda kile kinjia cha Embu ni cha mitungi tu, na wamama wana njia nyingine, na watajipanga kweli kama ulivyosema. Labda ukuta utakuwa halali kabisa. Wangu pia ulikuwa halali. Mtu yeyote angekuja na futikamba angenipa haki, na ningekuwa na haki hiyo mkononi pamoja na funguo mbili, Kiritiri, juani. Ninachokuomba ni kidogo. Kabla hujaita fundi, nenda kwa jirani yako wa ukuta. Usiende na ramani. Kaa, kunywa chai yao hata kama ina sukari nyingi, na ukishazoeana nao uliza swali moja. Waulize: hapa kwenu, maiti hupitia wapi? Watakushangaa. Watakutazama wewe binti unayefanya kazi maabara, mwenye kucha safi, watasema huyu vipi. Lakini watakujibu, na baada ya kukujibu hutakuwa mgeni tena kwao.

Ukinunua nyumba ya zamani, unanunua na watu waliomo kwenye kuta. Mama yako aliliona hilo siku ya kwanza kwa kiganja chake. Mimi nilihitaji kiganja cha mtu mwingine.

Jua limeingia nyuma ya mlima sasa, shilingi yako imeondoka sakafuni. Mtu anachoma udi nyumba ya tatu au ya nne, na harufu imepita juu ya kuta zote hadi hapa. Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii kwenye bahasha ya karatasi zako za nyumba, uikute Embu, siku ya kutia sahihi, mimi nikiwa mbali. Nimefikiria jambo hilo tangu nilipoandika habari za Idi kusema kisu. Kesho yeye ndiye atakayekupakilia mizigo kwenye pikapu yake, na utampa mkono bila kujua umeshika nini. Hapana. Nimefunga geti juu ya jambo hili miaka ya kutosha.

Nitakupa mkononi, leo, ukiingia. Uisome hapa hapa nikikutazama. Ukitaka kuniuliza kitu, nipo. Ukitaka kukasirika, nipo pia, sitatoka.

Nasikia unacheka na Bi Zuhura huko uani kwao. Anakuambia angalia usianguke. Sasa ni miguu yako peke yake, inakuja kichochoroni, na viatu vipya vya safari. Umefika karibu na dirisha, kwenye ukanda. Umesimama.

Umeruka.

Baba yako